Sombe ya Félicité

Sindano ilizama kwenye kidole cha Onesphore, ikaingia karibu na ukucha na kutokea upande wa pili, na yeye akaendelea kukanyaga cherehani kana kwamba anashona kidole cha jirani. Aliyepiga kelele alikuwa Anne-Marie, mteja wake, aliyesimama mlangoni akisubiri gauni jeupe la komunyo ya kwanza ya binti yake.

"Fundi! Fundi, damu! Angalia mukono yako!"

Onesphore akatazama chini. Doa lilikuwa limeshatambaa kutoka kifuani mwa gauni hadi kiunoni. Akazungusha gurudumu nyuma polepole, akachomoa kidole, akakiangalia kwa mshangao. Mkewe Apolline, aliyekuwa akipiga pasi ya makaa kwenye kona, aliona uso ule, akaiweka pasi chini. Mumewe hakuwa na uso wa mtu aliyeumia. Alikuwa anajaribu kukumbuka kama kidole kile ni chake.

"Haikuuma?" Anne-Marie aliuliza.

"Hapana, mama. Sikusikia kitu."

"Muntu anajishona na hasikie?" Anne-Marie alivuta gauni lake mezani kwa ncha za vidole viwili, akalikunja damu ikiwa kwa ndani. "Usikasirike, Fundi. Komunyo ni siku ya Mungu, na imebakia siku tisa. Nitapeleka kwa mwengine. Haiko kwa ubaya."

Onesphore alijibu kwamba haina neno. Ilikuwa na neno kubwa. Miaka kumi na minne alikuwa akishona pale Kimanga, na hakuna nguo iliyowahi kutoka mezani kwake kabla haijaisha. Lakini tangu mwezi uliopita vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Hakuweza kutunga uzi, vifungo vilimdondoka, na juzi alirudi nyumbani na ndala moja bila kujua nyingine imebaki wapi. Na hayo yote yalikuja wakati kifua chake kinapona, mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu, wakati kila mtu alikuwa ameanza kusema kwamba Fundi amerudi.

*

Jioni ile ile Toussaint alifika. Ni kaka mkubwa wa Onesphore, na kama walivyo kaka wakubwa wengi, huleta jibu kabla hajasikia swali.

"Hii haiko ugonjwa," alisema, akikishika kidole chenye kitambaa. "Ugonjwa inaumaka. Kitu yenye kuua nyama bila kuuma, ni karuho."

Karuho ni sumu ya mkono wa mtu, ile inayotiwa kwenye chakula au kinywaji kwa tabasamu, na watu wa pande hizi huiogopa kuliko malaria. Ndiyo maana anayekukaribisha huonja kwanza mbele ya macho yako: hunywa funda la bia yako, hukata kipande cha ugali wako, ndipo akusogezee. Asiyeonja ana sababu. Ni marafiki wa damu na damu tu wanaoiacha desturi hiyo, na kuiacha ndiko kupendana kwenyewe.

"Mambo ya karuho, muganga wa sindano hawezi," Toussaint aliendelea. "Minye najua mufumu moja mu bonde, nyuma ya mashamba ya mupunga. Kesho tunakwenda."

"Kesho kutwa ni siku yake ya centre," Apolline alisema. "Tungeuliza kwanza pale."

"Mama Nicole, bwana yako anaoza vidole, weye unangoja rendez-vous?"

Basi wakaenda. Mufumu, mganga wa kienyeji, alikuwa mtu mnene mpole, mwenye simu mbili na kiti kizuri. Aliviminya vidole vya Onesphore kimoja kimoja, akanusa kiganja, akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia Apolline, akamtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Karuho inatokaka na mukono yenye iko karibu," alisema. "Mara mingi ni ndani ya nyumba. Nani anapikiaka huyu muntu?"

"Ni minye," Apolline alisema.

Toussaint alimtazama. Onesphore naye alimtazama, kwa sekunde moja tu, lakini Apolline aliiona sekunde ile. Alijua wanawake waliorudishwa kwao kwa sekunde kama hiyo, wamebeba sufuria moja na mtoto mgongoni.

"Na kuko mwengine alishaleta chakula, bila kuonja?" mufumu aliuliza.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akileta chakula nyumbani kwao. Kifua kikuu kilipojulikana, wanakwaya waliacha kupita, wateja walianza kusimama nje ya kizingiti, na hata Toussaint alikuwa akisalimu kwa mbali akijisingizia haraka. Ni Félicité, mjane aliyetoka kijiji cha Runingu, anayeuza ndagala, yaani dagaa, karibu nao, aliyekuja kila Alhamisi na bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese, akaketi kwenye mkeka na kula na mgonjwa sahani moja. Miaka tisa walikuwa wamejuana, yeye na Apolline, na hakuna aliyekumbuka lini waliacha kuonjeana.

"Félicité," Apolline alisema. "Siku moja ya mvua aliacha bakuli, akakimbia kuanua ndagala yake. Hakuonja."

Alisema kweli, na ndiyo kweli mbaya kuliko uongo wote aliowahi kuusema. Asante ya punda ni mateke, lakini punda hupiga teke akiwa hajui. Apolline alijua. Alilitoa jina la Félicité kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa ili apate kupita.

Mufumu alipumua kwa kuridhika. Onesphore alinyweshwa dawa chungu, akatapika kwenye beseni, na mufumu akachokoa kwa kijiti akawaonyesha kitu kidogo cheusi. Kilikuwa kama kipande cha jani la sombe. Toussaint alipiga makofi. Wakapewa chupa ya kunywa mwezi mzima, na agizo: vidonge vya hospitali viachwe, kwa sababu vinapigana na dawa.

*

Hapo ndipo Apolline alipokaza. Alisema vidonge havitaachwa mpaka muganga wa centre aseme kwa mdomo wake, na Onesphore, aliyekuwa amekohoa damu miezi minne kabla na hajaisahau, alimuunga mkono. Siku ya pili yake wakaenda pamoja.

Infirmier Donatien, muuguzi wa centre, alipoelezwa habari ya karuho hakuifuata wala hakuicheka. Alimvua Onesphore shati, akamzungusha mgongo kwenye mwanga wa dirisha akitafuta mabaka ya ukoma. Hakuona. Akamtoboa kidole, akapima sukari. Ilikuwa sawa. Akauliza habari za pombe, akajibiwa kwamba hajaonja hata kasigisi tangu aanze dawa. Kisha akavunja njiti ya ufagio, akamwambia afumbe macho, akawa anamchoma taratibu kuanzia kiwiko kushuka.

"Unasikia hapa?"

"Ndiyo."

"Na hapa?"

"Ndiyo."

"Hapa?"

"Endelea tu, muganga."

Njiti ilikuwa imezama kwenye ncha ya kidole cha shahada mpaka ngozi imebonyea. Miguuni ikawa vile vile, hadi kwenye vifundo. Donatien akaandika kitu, akampa Onesphore kikopo akateme makohozi nje, penye upepo. Alipotoka, infirmier alifungua fishi ya mgonjwa na kuisoma kwa kidole.

"Mama, ile dawa ya kifua iko namna gani pale nyumbani?"

"Anakunywaka kila asubuhi. Minye mwenyewe ninamupatiaka mu mukono."

"Na ile nyingine? Kakomprime kadogo, keupe, mu sachet yake ya pembeni?"

Apolline aliiona vizuri sachet ile, kipakiti kidogo, juu ya kabati, ndani ya kopo la Blue Band. Aliiona na mkono wake ukitoa kidonge kimoja kila asubuhi, na mdomo wa Nicole, binti yao wa miaka minne, ukifunguka kama wa kifaranga. Nicole alikuwa ametoka kwenye malaria amekonda, hali chakula. Na siku ile ya kwanza, walipoulizwa kama wameelewa, alikuwa amesikia neno moja tu katika maneno mengi.

"Mulisema ni vitamine," alinong'ona. "Na yeye alikuwa analalamika komprime ni mingi. Nikasema vitamine ni ya mutoto. Nikamupatia Nicole."

Donatien aliweka kalamu chini.

"Moja kwa siku?"

"Moja. Itamuua?"

"Haitamuua. Umuachishe tu, na umulete nimuone. Lakini sikiliza, mama. Ile dawa ya kifua ni nzuri, lakini inamalizaka vitamine moja mu mwili, inaitwa B6. Ikimalizika, mishipa ya fahamu inalala. Inaanza mu miguu, inapanda mu vidole. Njo maana tunatoaka ile ndogo pamoja na kubwa. Hakuna muntu alimufanyia mubaya."

"Vidole vitarudia?"

"Polepole. Wiki sita, miezi mbili, pengine zaidi. Nitamuongezea dose. Ya kifua asiache hata siku moja, akiacha atakufa nayo. Na ile chupa munayo mu kitenge, naiona, muimwage." Akatazama mlangoni. "Umuambie bwana yako. Au nimuambie minye?"

"Nitamuambia minye," Apolline alisema haraka. "Tafadhali, muganga."

Onesphore aliporudi, Donatien alimwambia tu kwamba mishipa imechoka, kwamba mkewe amepewa dawa na maelezo yote, na kwamba za kifua aendelee nazo. Njiani Onesphore aliuliza maelezo ni yapi. Apolline alifungua mdomo. Aliiona tena ile sekunde ya kule bondeni, macho mawili yakimpima kama nguo.

"Anasema utapona," alijibu.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, na nyumba ya fundi imejaa nguo.

*

Akapona kweli. Apolline aliimwaga chupa ya mufumu kwenye mtaro na kuijaza chai ya majani machungu, na Onesphore alikunywa kijiko chake kila jioni kwa heshima, na vidonge vidogo vyeupe kila asubuhi bila kuviuliza. Wiki ya tano alianza kuhisi kama wadudu wanatembea kwenye vidole. Wiki ya saba alitunga uzi kwa mara ya kwanza akaita mtaa mzima. Anne-Marie mwenyewe alirudi na kitenge.

"Mufumu ni muntu kabisa!" Onesphore alikuwa akisema kwa kila aliyeingia. "Alitoa karuho yote. Minye niliona na macho yangu, karefu kama ukucha."

"Na ni nani alikuwekea?"

Onesphore alikuwa na haya ya kutaja. Toussaint hakuwa nayo. Basi ndagala za Félicité zikaanza kubaki kwenye karai mpaka jua linazama. Wanawake walizipita wakanunua mbele, kavu zaidi na ghali zaidi. Watoto waliokuwa wakipitia kwake kupewa maandazi waliambiwa wakimbie. Mtu mmoja, na hakujulikana nani, alimwaga majivu mlangoni kwake.

Apolline aliyaona yote hayo. Alikuwa akijiambia kesho. Kesho vidole vikipona vizuri. Kesho Nicole akiwa amelala. Alinunua ndagala za Félicité mara moja, kwa kumtuma mtoto wa jirani, kisha akashindwa kuzipika, kwa sababu Onesphore angeuliza zimetoka wapi. Akazifukia nyuma ya choo kama mwizi.

Asubuhi moja walikutana bombani. Wanawake wengine walisogeza madumu yao, Félicité akabaki peke yake na nafasi ya watu watatu kila upande. Alikuwa amepungua. Kitenge alichokivaa ni Onesphore aliyekishona, zamani, kwa kazi nzuri.

"Apo," alisema kwa sauti ndogo. "Unisaidie kitu moja. Minye nilikukosea nini?"

"Hapana, dada. Hukunikosea."

"Basi ubaambie."

Dumu la Apolline lilikuwa limejaa na maji yanamwagika miguuni mwake. Alilitwika bila kulifunika, akaondoka, na maji yalimlowesha mgongo njia nzima. Alistahili zaidi ya maji.

*

Jumamosi Onesphore alimwambia kwamba ameandikisha jina lake kanisani kwa ushuhuda. Kesho atasimama mbele ya watu aeleze Mungu alivyomwokoa na mkono wa adui. Alikuwa akimalizia shati lake mwenyewe la kuvaa, jeupe, na vidole vilikimbia kwenye kitambaa kama zamani.

Apolline alikwenda kabatini, akatoa kopo, akaweka sachet mezani juu ya shati.

"Baba Nicole, haiko mufumu. Ni hii."

Akamwambia yote. Centre, njiti ya ufagio, mdomo wa Nicole, chupa iliyomwagwa. Onesphore alisikiliza mguu ukiwa juu ya kanyagio. Alipomaliza, mwanamume aligeuza kile kidole chenye kovu, akakitazama.

"Ni weye ulifanya nijishone."

"Ni minye. Sikujua. Lakini kisha nikajua, na nikanyamaza. Iyo njo zambi yangu."

"Na ile siku ya mufumu?"

"Niliogopa. Uliniangalia."

Onesphore alitaka kusema kwamba hakumwangalia. Alishindwa, maana alikumbuka.

"Sawa," alisema mwisho. "Ilikuwa kosa. Nimeisikia. Kesho nitasema tu Mungu aliniponya, sitataja jina ya muntu."

"Jina wanayo tayari."

"Unataka nini, Apolline? Batu bacheke? Nilishazunguka Kimanga muzima na ile habari! Toussaint atasema muke wangu alitaka kuniua na ujinga. Félicité ni mujane, alishazoea maisha nguvu. Maneno itaisha yenyewe."

Maneno hayo Apolline aliyafahamu vizuri, kwa sababu wiki saba nzima yalikuwa yake.

Jumapili Onesphore alisimama akiwa na shati lake jeupe. Alianza vizuri, akainua mikono miwili, akachezesha vidole kumi hewani, na kanisa likapiga vigelegele. Alieleza ganzi, sindano, gauni la watu. Kisha sifa zikampanda kichwani, kama zinavyompanda mtu mbele ya watu mia mbili, naye akasahau alichoahidi.

"Wandugu, kulikuwa mukono ya muntu..."

"Ule mukono ni wangu," Apolline alisema.

Alikuwa amesimama upande wa wanawake, Nicole akimshika kitenge. Mtu alisema Yesu! Mwingine akacheka, akadhani ni wazimu. Apolline hakuongeza sauti. Alisema alipewa dawa mbili, akampa mumewe moja. Alisema hakuna karuho, hakuna aliyemlisha mtu kitu, na kwamba yeye ndiye aliyelitaja jina la Félicité kwa mufumu ili lisitajwe lake. "Nyinyi mulimupita pale kwake na hamukujua kitu. Minye nilijua. Sasa na nyinyi munajua."

Toussaint aliinuka akatoka. Onesphore alibaki mbele, mikono bado iko nusu juu, kisha akaishusha akaitia mfukoni. Félicité hakuwapo kusikia. Ilikuwa Jumapili yake ya tano bila kuja.

*

Habari ilimtangulia. Apolline alipofika, mlango ulikuwa wazi na Félicité anapepeta mchele, na kwa jinsi alivyoinua macho ilionekana ameshaambiwa, tena na zaidi ya mmoja.

Apolline alipiga magoti sakafuni.

"Dada, nisamehe. Ulikuja kwangu wakati kila muntu alikimbia. Na minye nikakuuza."

Félicité aliweka ungo pembeni. Akamshika bega.

"Simama, Apo. Nilisikia. Nimekusamehe." Akajipangusa mikono. "Vidole yake inaendelea?"

"Inaendelea."

"Aksanti Mungu. Na Nicole anakula?"

"Anakula."

"Ikala, basi. Huwezi kutoka kwangu na njaa siku ya Jumapili."

Apolline aliketi. Machozi yalikuwa yanamshuka, na ndani yake kitu kilianza kulegea, maana sauti ilikuwa ile ile ya miaka tisa, na harufu ya mawese ilikuwa ile ile. Félicité alipakua ugali, akapakua sombe pembeni, nyingi, na ndagala juu. Akaileta sahani na kuchuchumaa mbele ya mgeni wake.

Halafu akamega tonge. Akalichovya kwenye sombe, katikati, akalitia mdomoni. Alitafuna taratibu huku akimtazama Apolline usoni, akameza, akangoja kidogo, kama inavyotakiwa. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Kisha akaisogeza sahani.

"Sasa kula," alisema.

Apolline aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu aliyefika nyumba ile kwa mara ya kwanza.